Wageni Wasiopiga Hodi

Vizma kanipigia simu, theluji bado haijakwanguliwa mlangoni,
sauti inamrukaruka kama ya binti aliyefaulu mtihani:
"Raitis, elfu kumi na moja! Mwezi mmoja!
Kuldīga yetu nzima haifikishi watu hao!"

Tovuti yake ni ndogo. Picha za glavu za sufu,
michoro mia mbili na sita ya wafumaji wa Kurzeme,
nyota, meno ya msumeno, unyayo wa jogoo,
na chini ya kila jozi jina la aliyeifuma
na harusi ya nani ilivaliwa.

Nikasema hongera. Nikasema pia, nipe siku mbili.
Namba kubwa ni debe: kabla ya kulishangilia, litikise.

Nikavuta kiti karibu na jiko, nikafungua takwimu,
nikaanza kupepeta.

Walitangulia kutoka roboti wanaojitaja.
Hao waungwana, hubisha hodi:
"Mimi ni mashine, nimetumwa kusoma."
Nikawapitisha mlango wa nyuma. Wakabaki elfu saba.

Kisha wasiojitaja.
Elfu sita na ushei, kila mmoja kwa sekunde sifuri,
mguu haujagusa kizingiti umeshatoka,
wote na kioo cha upana mmoja,
wote wanadai wametoka mji ambao nilipoutafuta kwenye ramani
nikakuta jengo moja la kompyuta kando ya barabara kuu
lisilo na dirisha hata la choo.

Kisha waliosukuma jina lao chini ya mlango kama kikaratasi,
wakingoja mwenye nyumba aulize, "Nani huyu?" awafuate.
Mmoja anauza dawa ya upara.
Vizma alikuwa ameshamwandikia kumshukuru.

Wakabaki mia na thelathini.
Nikanywa chai. Nje mto Venta unasaga barafu yake.
Mia na thelathini si haba, nikajisemea, acha hapo.

Lakini mkono ukishazoea ungo hautulii.
Kulikuwa na mmoja ajaye saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi,
tena saa sita, tena usiku kabla ya kulala.
Hagusi nyota, hamwangalii jogoo.
Ukurasa wa mbele tu: anafungua, anangoja, anakwenda.
Ratiba ya mashine. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

Ila Jumapili yule wa saa sita haonekani
mpaka ibada ya Mtakatifu Katrina itoke.
Mashine haiendi kanisani.

Nikaitazama anwani yake. Naijua.
Niliifunga mwenyewe mwezi wa kumi, juu ya ngazi,
nikitoboa ukuta wa jikoni kwa Vizma.

Anakuja kuangalia kama wamekuja.
Kihesabio kiko pale chini, na kila akikichungulia
kinapanda moja, naye anafurahi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema;
mwenyeji akiwa ndiye mgeni, nani amponye nani?

Mara themanini na tisa. Kanuni haina macho:
wa nyumbani hahesabiwi. Nikaiandika mstari mmoja,
mfupi kuliko jina lake.

Arobaini na mmoja.

Nikampigia. Nilisikia birika likichemka, na hakulitoa.
"Kati ya hao," akauliza baadaye, "mimi nimo?"
"Haumo."
"Roboti?"
"Hawamo."
"Basi ni watu."
Nikamwambia: kuna wa Winnipeg, alikaa dakika hamsini na moja.
Kuna wa Liepāja, jozi ya mia na kumi na nane,
ameifungua mara kumi na moja usiku mmoja.

"Mia na kumi na nane?" Kiti kikaburuzwa.
"Mungu wangu, kidole gumba! Safu ya tisa niliandika vibaya.
Huyo ameshika sindano, anafumua, anarudi,
anafumua, anarudi. Kata simu, Raitis."

Asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tano,
chujio langu lilimnasa mtu mmoja, likamtupa kimya.
Safu ya tisa ilikuwa imesahihishwa.